Neno Nililomwambia Mama Kuhusu Macho Yake

Chupa za dawa za mama nilizikuta kwenye droo ya kabati lake, mbili zikiwa bado na mihuri yake na ya tatu ikiwa imejaa zaidi ya nusu. Ilikuwa imepita miezi mitatu tangu tutoke kliniki ya macho na maagizo ya tone moja katika kila jicho, asubuhi na jioni, pasipo kuacha hata siku moja. Nilipomuuliza, alinijibu kwa utulivu wa mtu aliyefanya jambo la busara: "Presha imeshuka, mwanangu. Nimepimwa mkononi mara mbili na nimeambiwa iko sawa kabisa. Sasa dawa ya nini tena?"

Mimi ni mfasiri kwa kazi, na siku ile katika chumba cha daktari mimi ndiye niliyekaa kati ya mama na mtu aliyemhudumia kwa lugha asiyoielewa vizuri. Daktari alisema glakoma. Nami, bila kusita, nikamgeukia mama nikasema, "Mama, una presha ya macho." Sikulibuni neno hilo, wengi hulitumia, hata wahudumu wa afya. Lakini mama aliisikia presha aliyokuwa akiijua maisha yake yote, ile inayopimwa kwa mkanda unaofungwa mkononi, inayopanda mtu akikasirika na kushuka akipumzika, na akaitendea haki kama alivyoielewa. Alipopimwa ikaonekana nzuri, akaacha dawa. Hakuwa mkaidi wala msahaulifu. Alitii neno nililompa.

Tuliporudi kliniki nilimwomba daktari anieleze upya kana kwamba sijui chochote, na kwa kweli sikujua. Ndani ya jicho, upande wa mbele, kuna maji maangavu yanayotengenezwa muda wote na kutoka muda wote kupitia kona nyembamba iliyo kati ya konea, ule utando maangavu wa mbele ya jicho, na irisi, ile duara yenye rangi inayoizunguka mboni. Maji hayo si machozi; hayatoki nje yakaonekana. Njia yake ya kutokea ikizibika au ikizorota, msukumo ndani ya jicho hupanda, na mahali panapoumia si pale mbele bali nyuma kabisa, pale mshipa wa fahamu unapotoka jichoni kwenda ubongoni. Msukumo wa kawaida huchukuliwa kuwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, nao hupimwa kwenye jicho lenyewe. Mashine ya mkononi haina habari nao. Zaidi ya hapo, wapo watu ambao msukumo wao haujavuka kiwango hicho na bado mshipa unaharibika. Kwa hiyo hata kama mama angelielewa vizuri neno presha, bado nisingekuwa nimeutaja ugonjwa wenyewe. Glakoma ni kuharibika kwa mshipa huo. Msukumo ni mojawapo ya mambo yanayouharibu, tena ndilo jambo ambalo dawa zina uwezo wa kulishughulikia, na ndiyo maana linatajwa sana hadi likachukua nafasi ya jina.

Nilimwambia mama kwa maneno mengine. Nilimwambia kwamba nyuma ya kila jicho kuna mshipa wa fahamu wenye nyuzi zaidi ya milioni moja, na kwamba katika macho yake nyuzi hizo zinakufa taratibu, uzi mmoja baada ya mwingine, bila maumivu. Uzi uliokufa haufufuki. Dawa ile hairudishi kilichopotea, inalinda kilichobaki. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: "Kumbe ningengoja nianze kuona vizuri ndipo nijue dawa inafanya kazi, ningengoja hadi kiza."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kulikuwa na kosa la pili ndani ya lile la kwanza. Mama alikuwa amewaona wenzake wakitolewa mtoto wa jicho na kurudi nyumbani wakiwatambua watu kwa sura. Alidhani magonjwa ya macho yote ni ndugu, na kwamba tiba ya jicho ni lazima imrudishie mtu kuona. Sikuwa nimemwambia kwamba haya mawili yanatofautiana mahali penyewe pa msingi: mtoto wa jicho huziba njia ya mwanga, na kizibo kikiondolewa mwanga unapita, ilhali glakoma huua nyuzi zinazopeleka ubongoni habari za mwanga huo.

Kipimo cha uwanja wa kuona kilinisaidia kumwonyesha. Mgonjwa huweka kidevu kwenye kiegemeo, jicho moja hufunikwa, naye hukodolea nukta moja ya katikati huku akibonyeza kitufe kila anapoona kimwanga kikiwaka pembeni. Mama alitoka akiwa na uhakika kwamba amefaulu, kwa sababu kila kimwanga alichokiona alikibonyeza. Karatasi iliyotoka ilikuwa na doa jeusi lililopinda juu ya katikati, mahali ambapo vimwanga vilikuwa vimewaka na yeye hakuwa na habari navyo. Aliiangalia karatasi ile kwa muda mrefu. "Lakini mimi naona," alisema, na alikuwa anasema kweli, kwani ubongo hujaza mapengo kwa kukisia yaliyo jirani, na mtu haoni weusi wowote; haoni tu kwamba haoni. Ndiyo maana wengi hufika kwa daktari wakiwa wamechelewa.

Tangu siku hiyo dawa haijaachwa. Nilijifunza naye pia namna ya kuitia, jambo ambalo mara ya kwanza lilielezwa kwa sentensi moja tu: kunawa mikono, kuinua uso, kuvuta kope ya chini kwa kidole hadi ifanye kijimfuko, kudondosha tone moja ndani yake bila ncha ya chupa kugusa jicho, kisha kufumba taratibu bila kupepesa na kubana kona ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Kubana huko kuna sababu. Pale konani kuna kitundu kinachopeleka machozi puani, na dawa ikipitia huko huingia katika damu, ambako baadhi ya dawa za glakoma, timololi mojawapo, zinaweza kupunguza mapigo ya moyo au kumsumbua mwenye pumu. Mama ana pumu. Daktari alipolijua hilo alibadilisha dawa, nami nikajiuliza ni kwa nini hakulijua mapema, nikakumbuka kwamba katika ziara ya kwanza aliuliza juu ya matatizo ya kupumua na mimi nikalifasiri swali hilo kuwa "Unakohoa?" Mama alikuwa hakohoi siku hiyo.

Baada ya hapo nilianza kujitolea siku moja kwa wiki kuwafasiria wagonjwa wa macho na masikio, na nimeendelea kwa miaka kadhaa. Sikuanza kwa sababu nilikuwa nimefuzu. Nilianza kwa sababu nilikuwa nimeona jinsi neno moja lilivyokaribia kumgharimu mama macho yake.

Mtoto wa jicho lenyewe ni jina zuri na lina mtego wake. Wengi niliokutana nao huamini kuwa ni kitu kilichoota juu ya jicho, na baadhi hulichanganya na kile kinyama kinachoota kwenye weupe na kutambaa kuelekea katikati, ambacho ni ugonjwa mwingine kabisa. Mtoto wa jicho ni lenzi ya mtu mwenyewe, aliyozaliwa nayo, iliyopoteza uangavu na kuwa na ukungu. Si kitu cha kuparuliwa. Hutolewa lenzi ile na kuwekwa nyingine ya bandia ndani ya jicho. Mara nyingi nimesikia mgonjwa akimuuliza mwenzake kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba jicho hutolewa nje likaoshwa na kurudishwa, na nimekuwa nikiona hofu hiyo ikizaliwa na sentensi fupi ya wahudumu, "Tutalitoa," ambayo kwao "li" ni tatizo na kwa mgonjwa "li" ni jicho. Siku hizi nasema kwa urefu: jicho halitoki mahali pake; panakatwa tundu dogo, lenzi chafu inatolewa, safi inaingizwa.

Neno jingine linalochelewesha watu ni kuiva. Zamani ilisemwa kuwa mtoto wa jicho angojewe hadi akomae, na kwa njia za upasuaji za wakati huo ushauri ulikuwa na maana. Jacques Daviel wa Ufaransa alipoanza kuitoa lenzi nje ya jicho mwaka 1747, kabla ya hapo kazi ilikuwa ni kuisukuma tu izame ndani, hakukuwa na cha kuweka badala yake. Mgonjwa aliishi na miwani minene. Lenzi ya bandia ilikuja kuwekwa na Harold Ridley mjini London mwaka 1949, baada ya kubaini kwamba vipande vya plastiki vya vioo vya ndege za kivita vilivyoingia machoni mwa marubani vilikaa humo bila jicho kuvikataa. Leo swali ni kama ukungu unamzuia mtu kufanya shughuli zake. Likijibiwa ndiyo, hakuna cha kungoja.

Nimewahi pia kuona machozi yaliyotokana na sehemu ya hesabu. Mzee mmoja alisomewa kuwa jicho lake la kulia ni 6/60, akaichukua kama maksi za shuleni, sita kati ya sitini, akainamisha kichwa kama aliyefeli. Maana yake si hiyo. Namba ya juu ni umbali aliosimama yeye, mita 6. Ya chini ni umbali ambao mtu mwenye macho mazima angeweza kusimama na bado akaisoma herufi ileile, mita 60. Ubao huo wa herufi ulibuniwa na Herman Snellen, daktari wa Uholanzi, mwaka 1862, na tangu wakati huo namba zake zimesomewa watu wengi pasipo maelezo. Nilimweleza, akaomba nirudie, kisha akauliza kama yeye sasa ni kipofu. Swali hilo nalo lina jibu lenye kipimo: kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, upofu huanza pale jicho lililo bora linapokuwa chini ya 3/60 hata kwa miwani, na kabla ya hapo kuna ngazi kadhaa za uoni hafifu. Mwenye uoni hafifu anahitaji kikuzio, mwanga mzuri, na mtu wa kumfundisha kukitumia kiasi cha kuona alichobaki nacho. Akiitwa kipofu mapema, watu wa nyumbani humnyang'anya kazi zake kwa huruma, naye huketi.

Upande wa masikio ulinifundisha zaidi, pengine kwa sababu Kiswahili chenyewe kimelibebesha neno kusikia mzigo mkubwa mno. Tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia maumivu, tunasikia njaa. Mtu akisema "nimekusikia" huenda ana maana kwamba amekubali. Na mtoto asiyetii tunasema hasikii. Mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka mitano, na alipoulizwa shida ni nini alisema, "Huyu mtoto hasikii kabisa," kwa sauti ya mtu aliyechoka. Nikafasiri: mtoto haisikii sauti. Daktari akauliza tangu lini, mama akajibu, "Tangu zamani, hata akichapwa." Ndipo nilipotambua kwamba yeye alikuwa amekuja kulalamikia tabia, aliyemtuma ni mwalimu. Kipimo kilionyesha kwamba mtoto alikuwa na maji mazito nyuma ya ngoma za masikio yote mawili na alikuwa akipata sehemu ndogo tu ya maneno aliyoambiwa, hasa akiitwa kwa nyuma. Maana zote mbili za neno zilikuwa zimekaa juu ya mtoto mmoja, na ile isiyo sahihi ndiyo iliyokuwa imemwadhibu. Mama yule alimvuta mwanawe akampakata, akaweka kiganja chake juu ya sikio la mtoto, akakiacha hapo mpaka tulipomaliza kuzungumza.

Tangu hapo, mzazi akisema hasikii, mimi huuliza: ukimwita akiwa hakuoni, hugeuka? Kitu kikianguka nyuma yake, hushtuka? Maswali hayo mawili yameniokoa mara nyingi.

Mjomba wangu naye alikataa kwa miaka kwamba ana tatizo, na alikuwa na hoja. "Mimi si kiziwi," alisema, "nawasikia wote. Ila siku hizi mnaongea kwa kumumunya." Ni maelezo sahihi kabisa ya uziwi wa uzeeni kama anavyoupata mwenyewe. Sauti nyembamba ndizo huanza kupotea, nazo ndizo zinazobeba s, f, sh, na th. Irabu, ambazo ni nzito, hubaki. Kwa hiyo mtu anasikia kwamba anasemeshwa, ila hajui fika kutoka pika wala shika. Aliulizwa siku moja kama amefika, akajibu juu ya kupika, vijana wakacheka, na baada ya hapo alianza kuketi peke yake kwenye sherehe za ukoo. Tulisema amekuwa mpole. Hakuwa mpole, alikuwa amechoka kukisia.

Alipokubali kupimwa, tatizo jingine la maneno lilimngoja. Aliambiwa amefikia desibeli 60, akaelewa kuwa amepoteza asilimia 60 na amebakiza 40. Desibeli si asilimia. Katika kipimo cha usikivu namba hiyo ni kiwango cha chini cha sauti ambacho mtu anaanza kukisikia: aliye mzima huanza chini ya 20, mjomba alihitaji sauti ifike 60 ndipo aitambue. Tena ngazi zake hazilingani kama za rula, kwa kuwa kila desibeli 10 zinazoongezeka ni nguvu ya sauti mara kumi, na hivyo tofauti kati ya 30 na 60 ni mara elfu moja. Nilipomchorea hilo kwenye karatasi alisema, "Basi nyinyi mmekuwa mkinong'ona," na safari hii hapakuwa na lawama.

Kifaa alichopewa wengine hukiita shimesikio, wengine kisaidizi cha kusikia, na wengi husema tu mashine ya masikio. Jina halina shida ilimradi mtu asidhani ni dawa. Kifaa hukuza sauti; hakitengenezi vinyweleo vya seli vilivyokufa ndani ya koklea, ile sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti, na kwa wiki za kwanza ubongo uliozoea kimya huona kila mlio wa sahani na mlango kama shambulio. Mjomba alikiweka kando baada ya siku mbili. Alikirudia alipoelezwa kwamba avae saa moja, kisha mbili, chumbani penye mtu mmoja kwanza. Hilo lingeweza kusemwa siku ya kwanza.

Kuhusu neno kiziwi, nimejifunza kwa viziwi wenyewe kwamba wengi wao hawalioni kuwa tusi; kwa anayetumia lugha ya alama ni utambulisho. Wanalolikataa ni bubu, nao wana haki, kwa sababu koo zao ni nzima na lugha wanayo. Mjomba, aliyepoteza usikivu uzeeni, hajioni humo, na akiitwa mwenye usikivu hafifu hutikisa kichwa kukubali. Ninamuuliza kila mtu anavyotaka.

Kuna jambo moja ninalolipigania bila kuchoka, nalo ni vifupisho vya Kilatini kwenye karatasi za dawa. OD katika maandishi ya macho ni jicho la kulia, OS la kushoto, OU yote mawili. AD na AS ni sikio la kulia na la kushoto. Lakini OD hiyohiyo, katika maagizo ya dawa ya mahali pengi, ni mara moja kwa siku. Niliwahi kushika karatasi iliyoandikwa matone, OD, mara tatu, na aliyeisoma kwenye dirisha la dawa akasita kama ni mara moja au mara tatu, ilhali mgonjwa aliyekuwa ametoka kupasuliwa jicho la kulia hakujua kwamba herufi hizo mbili zilikuwa zinataja jicho. Nilirudi naye hadi kwa aliyeandika. Vilevile A iliyoandikwa kwa haraka hufanana na O, na matone ya sikio hayafai kuingia jichoni. Sioni sababu yoyote ya kutoandika kwa ukamilifu: jicho la kulia, tone moja, asubuhi, mchana na jioni.

Kabla mgonjwa hajatoka, sasa humwomba anieleze yeye atakavyomsimulia mtu wa nyumbani kwake. Simuulizi kama ameelewa, maana kila mtu husema ndiyo kwa heshima. Husikiliza anatumia neno gani, na nikisikia presha, naketi tena.

Wiki iliyopita nilimsindikiza mama kwenye kipimo chake. Kwenye benchi alikaa karibu na mwanamke aliyekuwa ameshika chupa mpya ya dawa, akimweleza kwamba ameambiwa ana presha ya macho na atairudia dawa presha ikipanda. Mama alimgeukia. "Dada yangu," alisema, "sahau neno presha. Huko nyuma kuna mshipa." Akamchukua mkono, akamwonyesha pa kubana, konani, karibu na pua, na wote wawili wakafumba macho wakihesabu kimyakimya.